Maiti wa Dakika ya Kwanza

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilikofikia. Kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda kilifungwa, kikundi chetu cha utamaduni cha kiwanda kikafa nacho, na mimi Rafaeli Wambura, niliyekuwa nikiinua ukumbi mzima kwa ngonjera na maigizo, nikabaki na cheti cha mwigizaji bora ambacho hakiliwi. Mke wangu Ursula na binti yetu Esta nikawapeleka Butiama kwa mama yangu. Nikaahidi kurudi kuwachukua nikishapata pa kushika. Halafu nikaja Musoma, nikaangukia mikononi mwa Pastory, mwenye banda la video.

Nasikia wapo wanaosema huyu jamaa analialia sana gazetini. Sawa. Someni ya leo, halafu mniambie nyie mngecheka wapi.

Pastory ni mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Tangu siku zile nawaogopa watu wapole. Bandani kwake alionyesha hadithi za upelelezi za Wazungu, zilizorekodiwa kwenye televisheni za Nairobi na kuvushwa mpakani Sirari. Yeye alisimama mbele na kipaza sauti akizitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini hakuna aliyelalamika. Maiti haihitaji tafsiri.

Asubuhi moja alinikuta nafagia banda.

"Mura, kaseti yetu imerudi," akasema. Mura ni kijana, kwa sisi watu wa Mara.

Ilikuwa filamu yetu ya kwanza, tuliyoipiga kwa kamera yake ya harusi. Ng'ombe wanaibwa, yowe linapigwa, vijiji vitatu vinatoka, mwizi anakamatwa, wazee wanakaa, fidia inatolewa, watu wanakula pamoja. Tuliituma Dar es Salaam kwenye kituo kipya cha televisheni cha mtu binafsi. Siku hizo serikali ilikuwa imeshaachia kila kitu, kuanzia sukari mpaka picha.

"Wamesemaje?"

"Yule bwana wa vipindi ameniuliza, muuaji ni nani? Nikamwambia hakuna muuaji, ni ng'ombe. Akauliza, mpelelezi ni nani? Nikamwambia hakuna, mwizi anajulikana. Akasema, kama mwizi anajulikana, nani atakaa mpaka mwisho?"

"Sisi tunakaaga."

"Nyie hamna televisheni."

Alisema kweli.

"Anataka nini sasa?"

"Anataka kama zile za bandani. Maiti inatokea dakika ya kwanza. Mtu hajakaa vizuri kwenye benchi, tayari kuna maiti. Halafu anaingia inspekta, amevaa koti refu, haongeagi sana."

"Koti? Musoma hii, kwa jua hili?"

"Koti."

"Na yowe?"

"Hakuna yowe. Yowe likipigwa filamu inaisha dakika ya tatu. Watu wanatoka na marungu, muuaji anakamatwa, inspekta aje kufanya nini? Jirani anapiga simu polisi."

"Jirani gani wa kwetu ana simu?"

"Wa kwenye filamu."

Msinielewe vibaya, hadithi zile nilizipenda hata mimi. Kilichonisumbua ni kimoja. Maiti wao haliliwi na mtu. Amelala pale sakafuni, watu wanamruka, wanakunywa kahawa juu yake, wanamchora kwa chaki, wanaulizana alikula nini jana. Hakuna hata shangazi. Na wanaume wa Mara, wanaoacha ugali mezani wakisikia yowe la jirani, walikuwa wamekaa kimya bandani wakitazama mtu amekufa bila kuliliwa, na wanataka waonyeshwe tena.

"Ila kuna kitu kimoja ametuachia," Pastory akaendelea. "Amesema tuweke kidogo cha kwetu, ili ionekane ya Tanzania. Kilio. Dakika moja ya kilio cha Kiafrika, halafu turudi kwa inspekta."

Inspekta alipatikana upesi. Alikuwa Eliasi, fundi cherehani wa Bweri, mtu mwema, na koti alilishona mwenyewe kwa blanketi la kijivu. Maiti ndiye alikosekana. Kila aliyeombwa alikataa. Kwetu mtu mzima hajilazi kama aliyekufa. Wanasema anayejilaza kifo, kifo humzoea.

Pastory akanijia mimi. Alijua pa kunishika.

"Rafaeli, sehemu ya kwanza ni maiti. Sehemu ya pili unarudi, wewe ni pacha wake, unatafuta aliyemuua ndugu yako. Sehemu kumi na tatu zote za kwako. Nchi nzima itakuona. Utaenda Butiama kuchukua mke na mtoto wako mchana kweupe, umevaa suti."

Nikaona suti ile. Nikaona Ursula ananipokea begi. Nikakubali hapo hapo, na ufagio ukiwa bado mkononi.

Siku ya kwanza tulipiga picha Kigera, kando ya ziwa, nyuma ya nyumba ya Pastory. Wakanipaka unga usoni, wakanimwagia kifuani rangi nyekundu ya keki iliyokorogwa na sukari, nikalala kwenye mkeka. Nzi walikuja kabla ya inspekta. Wanawake wa kwaya walioitwa kulia wakasimama kunizunguka, na mmoja akauliza kama alie kwa sauti ya kwanza au ya pili.

Walilia kama wanaanza wimbo wa sadaka. Wa pembeni akashindwa kujizuia, akacheka. Nikacheka na mimi, maiti, mpaka mkeka ukatikisika.

Pastory hakucheka. Alizima kamera, akaifunika kwa kitambaa chake.

"Kilio cha uongo kinaonekana," akasema. "Turudi Jumamosi. Nitaleta mwenye kilio cha kweli."

Nikadhani anakwenda kutafuta wale mabibi wanaojua kulia misibani. Nikamsifu hata kwa watu, kwamba huyu bwana anajua kazi yake.

Jumamosi nikalala tena. Unga, rangi, nzi, na safari hii shuka tumboni. Eliasi alisimama kivulini, jasho linamtoka kwenye blanketi kama mtu wa homa. Pastory akachuchumaa karibu na sikio langu.

"Leo usicheke. Usipumue kwa kifua, pumua kwa tumbo chini ya shuka. Utakachosikia, chochote, usitikisike. Shoti hii hairudiwi."

"Nimeelewa."

"Ukitikisika, pacha hakuna. Hakuna sehemu ya pili."

Nikafumba macho. Baada ya muda nikasikia lori linasimama barabarani, na kilio kikaanza kuja kutoka huko juu. Nikawaza, aisee, leo amepata. Kilikuwa kilio chenyewe, kile kinachokupanda mgongoni hata kama humjui marehemu. Kikakaribia. Miguu ikawa inakimbia mchangani.

"Rafaeli! Rafaeli wangu!"

Alikuwa mama yangu.

Nitawaambia kilichonipita moyoni, na Mungu anisamehe. Nilifurahi. Nikadhani Pastory amekwenda Butiama, amemweleza mama, na mama amekubali kuigiza. Mama yangu, Nyangi, ambaye hajawahi kuona hata kamera! Nikajisemea, kumbe kipaji nilikitoa kwake.

Akajitupa juu yangu. Mikono yake ikanishika uso, ikapapasa unga, na mikono ilikuwa inatetemeka. Mwigizaji anaweza kutetemesha sauti. Mikono ile haikuwa ya kuigiza, na jasho lilinitoka pale pale nilipolala.

Nikataka kufumbua macho. Nikaogopa. Mama alikuwa na moyo wa kudunda ovyo tangu baba afariki, nikaona nikiinuka ghafla namuua. Nikajiambia ngoja apunguze, ngoja wamshike mabega, nimuite taratibu. Ndiyo hivyo, nilikuwa nangoja. Na kama nyuma ya kungoja kwangu ilikuwepo ile suti, sibishani na atakayesema hivyo.

Kwetu mama akimlilia mwanawe humweleza kila kitu. Humwambia alivyozaliwa, alivyougua, walichokosana. Marehemu hafichwi neno, kwa sababu hatakwenda kulisema popote. Mama akanieleza. Akasema nilivyozaliwa mwaka wa mvua nyingi. Akasema nilivyomwibia sukari. Halafu sauti yake ikashuka, akaniwekea mdomo karibu na shavu.

"Afadhali umelala, baba. Afadhali hukurudi. Nilikuwa nawaza siku utakayorudi nitauficha wapi uso wangu. Ursula ana mimba, baba. Miezi mitano. Na aliyempa nilimnyonyesha mimi, ziwa lile lile nililokunyonyesha wewe. Makongoro, mdogo wako. Nilijua, nikanyamaza. Nenda, baba, usiyaone."

Nikakaa.

Sikuamua kukaa. Mwili ulinyanyuka wenyewe, unga usoni, nyekundu kifuani, na macho yangu yakakutana na ya mama yakiwa karibu kiasi cha kiganja.

Hakupiga kelele. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mtu asiyemkumbuka jina. Mdomo wake ukavutwa upande mmoja, kama mtu amemshika shavu na kulivuta. Akaangukia ubavu.

Wanaume waliokuja naye kwenye lori wakatimua mbio. Niliwajua, majirani zetu wote, na mmoja alitupa jeneza alilokuwa amelibeba begani. Wamekuja na jeneza! Nikapiga kelele, "Ni mimi, jamani, mimi mzima!" Ndio kwanza wakaongeza mwendo. Lori likawaka, likaondoka.

"Umeharibu shoti!" Pastory akafoka.

Halafu akainamia kamera yake, akarudisha mkanda nyuma kidogo, akatazama kwa jicho moja. Sauti ikarudi kwenye upole wake.

"Hapana. Hujaharibu. Hii hata wao Wazungu hawana."

Mama yangu alikuwa amelala mchangani, jicho moja wazi.

Eliasi ndiye aliyembeba mpaka hospitali, na koti lake la inspekta. Mapokezi wakamwona na blanketi lile lenye vifungo, wakaniona na mimi nina damu kifua kizima, wakatukimbilia sisi kwanza badala ya mgonjwa. Daktari akasema kiharusi. Upande wa kulia umekufa, ulimi nao. Atasikia, lakini kusema hajui kama atasema tena.

Tukakaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Eliasi, nani amemwambia mama nimekufa?"

Eliasi akanigeukia polepole.

"Ina maana wewe hukusikia?"

"Nisikie nini?"

"Redio. Juzi jioni, kwenye matangazo ya vifo. Mimi nilisikia kabisa, na cherehani nikasimamisha. Nikajua ni mambo ya mchezo, Pastory amekubaliana na wewe."

Nikamwambia aniambie walivyosema. Eliasi ana kichwa kizuri cha maneno, ndiyo maana akapewa uinspekta. Akaniambia yote, kwa sauti ile ile ya mtangazaji:

"Ndugu Pastory wa Kigera, Musoma, anasikitika kutangaza kifo cha Ndugu Rafaeli Wambura, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba Bunda. Habari ziwafikie mama mzazi Nyangi wa Butiama, mke wa marehemu Ursula wa Butiama, mdogo wa marehemu Makongoro, na mjomba wa marehemu Ryoba wa Bunda. Mwili uko Kigera, nyumbani kwa Pastory. Wasikiapo tangazo hili wafike mara moja."

Ndugu zangu, mnaijua redio. Mwanasiasa anaweza kukudanganya, padri anaweza kukosea, lakini jina lako likisomwa kwenye matangazo ya vifo, baada ya ile ngoma ya huzuni, umekufa. Sijawahi kusikia siku wakatangaza kwamba fulani aliyekufa juzi, samahani, yupo.

Pastory alikuwa nje, anapangusa lenzi. Nikamkamata shingo ya shati.

"Kwa nini?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ni mama yangu, wewe mbwa!"

"Ndiyo. Mama wa mtu mwingine asingelia hivyo." Alisema bila hata kupandisha sauti. "Nipige kama unataka. Kamera usiiguse."

Nilimpiga. Nilimpiga vizuri na sijutii, naomba hilo mliandike mahali. Alianguka, akainuka, akatema damu, akatengeneza shati.

"Umemaliza? Sasa sikiliza. Butiama wanakuchimbia kaburi saa hizi. Una gari la kukupeleka? Huna. Mimi nina pikapu."

Eliasi akanivuta pembeni.

"Nenda, mura. Wale wa lori wamekwenda kusema maiti imekaa. Nenda leo leo, kabla wazee hawajaamua wewe ni kitu gani. Mama nitabaki naye mimi."

Kwa hiyo nikapanda gari la mtu aliyeniua. Kamera alikuwa ameiweka katikati yetu kwenye kiti, ameifunga kwa kanga isitikisike, na kila tukiingia shimoni mkono wake ulikwenda kuishika.

Nilinawa uso njiani, mtoni. Rangi ya kifuani ilikataa kutoka.

Nyumbani kwetu Butiama watu walikuwa wamejaa uani. Turubai limefungwa, masufuria makubwa yako motoni, wanawake wamekaa chini. Nilipoteremka, ile minong'ono ilikatika kama mtu amefunika chungu. Nikasonga kuelekea langoni. Mjomba Ryoba, kaka wa mama, aliyekuja kutoka Bunda, akatoka mbele ya wengine na kuweka fimbo yake chini, kukata njia.

"Simama hapo hapo."

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Mjomba yule hajawahi kuninyima marahaba, hata nilipokuwa mtoto mtukutu.

"Mjomba, mimi mzima. Nishike mkono uone."

"Sikushiki. Redio imesema umekufa. Dada yangu amekulilia, amekushika uso. Kaburi lako hilo pale. Hayo mambo matatu, mura, hayafutiki kwa kusema mimi mzima."

"Ilikuwa filamu, mjomba. Huyu bwana alinidanganya."

"Hiyo filamu nimeisikia. Nikuulize. Dada yangu alipolia, alilia kwenye filamu, ama alilia?"

Nikainamisha kichwa.

"Alilia," nikasema.

"Eeh. Basi umeliliwa." Akaegemea fimbo, na sauti ikalegea kidogo. "Usiogope. Njia ipo. Wale vijana waliorudi kutoka vita ya Uganda, ambao tulikuwa tumeshawalilia, tuliwarudishaga. Mtu wa nyumba yako, mama ama mke, anasimama mlangoni, anakuita jina lako mara moja tu. Unaitika, unaingia. Kaburini tunazika mgomba, watu wanakula, wanaondoka. Imeisha. Asiyeitwa huhesabiwa marehemu, anakwenda zake, na kaburi linafukiwa hivyo hivyo."

"Mama hawezi kusema, ni kiharusi."

"Tumeambiwa ameanguka. Basi mke. Mwiteni Ursula."

Jamani, nitawaambia ukweli wangu wote. Njia nzima kutoka Musoma nilikuwa nimepanga nitakavyomfanya Ursula. Maneno niliyomwandalia hayaandikiki gazetini. Lakini pale langoni, na fimbo ile chini, yote yaliniishia. Nilitaka aniite tu. Mengine tungeyamaliza baadaye, hata kwa kupigana. Sikuwa nimewahi kuhitaji jina langu namna ile.

Akatoka. Amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni, na tumbo liko mbele yake, halifichiki. Macho yamevimba. Alikuwa amenililia na yeye, na kilio chake kilikuwa cha kweli, niliona.

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akaona ile nyekundu kifuani. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Baba Esta," akasema taratibu.

Watu wakashusha pumzi. Mimi nikaruka, "Naam!"

"Si hilo," mjomba akasema. "Jina lake. Mwite jina lake."

"Najua, mjomba."

"Basi mwite."

Ursula akasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Nyuma yangu nikasikia mlio mdogo niliouzoea. Sikugeuka. Nilijua Pastory ameiweka kamera begani.

"Siwezi," Ursula akasema.

"Kwa nini huwezi?"

"Wazee mnajua kwa nini. Mbona mnaniachia mimi niseme?"

Nikawatazama wazee. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kuangalia chini.

"Sema wewe," nikamwambia. "Mimi ndiye nahusika."

Ursula akaniangalia usoni, na sikuona hata chembe ya ukorofi. Ningepata nafuu kama angekuwa mkorofi.

"Redio iliposema, nilitaka kujinyonga. Nilikuwa na mimba ya shemeji, na mume amekufa hajui. Asubuhi yake wazee wakakaa. Wakasema kwa kuwa umekufa, Makongoro amekurithi, na mimba hii ni ya nyumba yako. Si aibu tena. Wakaweka mkono hapa," akagusa tumbo, "wakataja jina la marehemu. Rafaeli. Ndilo jina lake sasa."

Mjomba Ryoba akafumba macho.

"Jina likishatajwa juu ya mimba halina wenyewe wawili," Ursula akasema. "Kwenu ndivyo ilivyo, si kwetu, nyie ndio mlionifundisha. Nikikuita wewe urudi, namtoa huyu. Na kama akizaliwa mzima, anazaliwa mtoto wa zinaa, na mimi narudishwa kwetu, na Esta anabaki hapa bila mama. Nisipokuita, wewe…" Hakumaliza. "Mimi siwezi kuchagua, baba Esta. Chagua wewe. Ukisema nikuite, nakuita. Sasa hivi, mbele ya watu hawa."

"Mama," Pastory akasema kwa upole nyuma yangu, "rudia hapo pa kuchagua. Jua lilikuwa linakupiga kisogoni."

Hakuna aliyemgeukia. Hakuna hata aliyemtukana. Ursula, Mungu wangu, akasogea nusu hatua kutoka kwenye jua, kama mtu aliyezoea kutii, akarudia.

"Chagua wewe."

"Umesikia, mura," mjomba akasema. "Sema neno lako."

Nilitaka kusema niite. Neno lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Nikaliangalia tumbo lile, nikamchukia aliyekuwa ndani yake, mtoto ambaye hajanikosea lolote zaidi ya kuwa na jina langu. Nikamchukia kweli kweli, nikaogopa mwenyewe jinsi nilivyomchukia.

Watu upande wa kaburi wakapisha. Makongoro, mdogo wangu, akaja kati yao, jembe mkononi, udongo mwekundu umempaka mpaka magotini. Hakunitazama machoni. Alifika karibu, akapitisha mdomo kando ya sikio langu, akanong'ona ili wengine wasisikie, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Kaka, kubali umekufa. Nitakuzika vizuri."